MC Forodha wa kwenye lori la sabuni ni feki: nilivyoamini mimi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yamenikuta mwenyewe, na chumvi nimeweka kijiko kimoja tu.

Hapa Busia kulivuma kwamba MC Forodha halisi amefungiwa stoo Kampala, na yule anayepanda jukwaani wamemtengeneza, hadi kovu la kidevuni wamelipatia.

Mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni, niliamini asilimia mia mbili.

Forodha ni rafiki yangu, jina lake Othieno. Tulianza wote Tororo, yeye anachana mistari, mimi napiga biti kwa mdomo mpaka mate yananikauka.

Ngoma yake kali ilimhusu mama yake, aliyekuwa akivusha mchele kichwani kwa njia za panya. Akiichana, soko zima kimya. Hata kuku.

Halafu kampuni ya sabuni ikamsainisha. Nikasema tumetoka!

Siku lori lao la promosheni lilipokuja mpakani, nilijipenyeza hadi mbele. Wakaweka biti ya ngoma ile ile. Nikafumba macho nisikie vizuri.

Wakuu, pale pa "jasho la mama" pamekuwa "povu la mama".

Watu wanarushiwa vipande vya sabuni, wanaruka kudaka. Akina mama wenyewe wa mizigo wanaitikia povu, povu.

Nikamwita Othieno kama mara elfu kumi. Akapita karibu yangu kabisa, akaangalia mbele. Nikajua, huyu siye.

Kesho yake nikapanda boda hadi Buteba kwa mama yake, tupange namna ya kumtoa huko stoo. Nilimkuta anaanika mihogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

Akasema Othieno alikuja jana usiku baada ya onyesho, akala, akalala, akaondoka alfajiri. Mama alipomwomba amwimbie ule wimbo wa zamani, Othieno alisema mkataba haumruhusu.

Nilichojifunza ni kwamba hip hop yetu hakuna aliyeiteka. Tulimpa mnunuzi wenyewe, na tukaitikia kiitikio.

Kama kuna mwana hip hop aliyesainiwa na bado anachana ya kwao, mleteni hapa nipumue. Wa kunicheka pia karibuni.

Ila pale Buteba nilibisha, wakuu. Nikamwambia mama, Othieno ninayemjua mimi angegeuka.

Akaendelea kupanga mihogo yake.

"Ni yeye, mwanangu. Alikusikia ukimwita. Aliona haya kugeuka."