Mkorosho wa Mpakani

"Zimeni hiyo grainda, jamani, nakufa!"

Pius hakuwa anakufa. Alikuwa amebana simu sikioni ndani ya duka la vipuri pale Gerezani, anapouza beringi na cheni mwaka wa kumi na moja sasa. Na huko kwao Newala, wakati huohuo, wazee walikuwa wamekaa kuamua nani arithi shamba la marehemu mama yake. Simu yao wameiweka spika, katikati ya mkeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Ndiye mjomba Eliasi, kaka wa mama, mwenye neno la mwisho. "Bryson anasema wewe umeshakuwa mtu wa Bongo. Shamba hulijui tena, bora apewe yeye."

"Mjomba, kila mwaka si natuma salfa ya kupulizia mikorosho?"

"Salfa hata mfadhili anatuma. Tuambie, mpaka wako na Bryson ni mti gani?"

Bryson ni mtoto wa mama mdogo wa Pius, mashamba yao yamepakana. Pius alimsikia akicheka. "Atajulia wapi huyo? Labda aulize gugo!"

Miaka mitano hajakanyaga Newala, tangu mama azikwe. Mpaka anaoujua yeye ni ule mkorosho wenye panda mbili. Akafungua mdomo autaje.

"Pius!" Vivek, mwenye duka, akamkaripia kutoka kaunta. "Mteja anataka cheni, wewe unapiga stori!"

Cheni! Pius akaumeza mkorosho wake.

"Mjomba, hakuna mti. Ulianguka masika ya mwaka juzi. Kimebaki kisiki."

Kule mjomba akaguna.

"Nani kakwambia?"

"Bryson mwenyewe. Alinipigia, 'Kaka, mti wa mpakani umelala, nitumie cheni ya msumeno wa mashine tuukate.' Nikaipandisha basi kesho yake. Muulize kama haikufika."

"Bryson, ilifika?"

Basi la mwendokasi likanguruma barabarani. Pius akaziba sikio la pili, akafumba na macho. Bryson akikana je? Nani atamtolea ushahidi?

"Ilifika," Bryson akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa mara tatu.

"Haya. Shamba ni la Pius. Lakini wewe Pius, nisikilize. Mwezi wa tisa korosho zikianza kudondoka, nataka nikuone kwa macho yangu. Usinitumie cheni."

Simu ikakatika. Pius akamgeukia Vivek.

"Bosi, mwezi wa tisa naomba ruhusa."

"Mpe mteja cheni yake kwanza, wewe."