Magoti Yenye Udongo

Kila mvua za kwanza zinaponyesha, mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau. Jana ulinipigia simu kutoka Chang'ombe ukaniambia umetumiwa picha za shamba lako la mtama huku Kibakwe, na kwamba liko salama. Nikakuuliza zimepigwa kutoka wapi. Ukasema barabarani. Tangu hapo moyo wangu haujatulia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, nalelewa na bibi yangu pamoja na mdogo wangu Tabu. Trakoma ilikuwa imemmaliza bibi macho, lakini shamba alilijua kuliko sisi tunaoona. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mtama ukishachipua alinituma kila asubuhi kutazama wadudu. Alinifundisha kwamba kiwavi hatazamwi kwa kusimama, maana jua likipanda hujificha ndani ya moyo wa mche na chini ya mabonge ya udongo. Nipige magoti katikati ya shamba, si ukingoni karibu na zizi, ambako samadi hufanya kila mche upendeze. Nikirudi hakuniuliza maneno mengi. "Mume wangu, lete magoti," alisema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania wajukuu, kisha akayapapasa. Udongo wa magotini ndio uliokuwa ushahidi wangu.

Siku hiyo nilipiga magoti kweli. Nikafungua mche wa kwanza, nikaona viwavi watatu wa kijani, wembamba kama uzi. Mche wa pili, wanne. Nikaogopa sana. Bibi alikuwa ametusimulia mwaka ambao viwavijeshi walikula kila jani, na watoto wakagawiwa kwa ndugu wa mbali ili wapate kula. Nikaona mwaka huu nitagawiwa mimi. Nikawaza, kwa akili za utoto, kwamba nisipowataja labda watakwenda zao.

Nikamwambia bibi shamba ni safi. Kesho yake sikuthubutu kurudi kule. Nilijificha nyuma ya nyumba, pale tunapopepetea nafaka, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikampelekea hayo. Akapapasa, akaridhika. Nikafanya hivyo siku tano. Nilipoona ndege wengi wakitua upande wa shamba kudonoa viwavi, niligeuza uso.

Siku ya sita mkono wake ulisimama kwenye goti la kushoto. Akabandua kitu kidogo, akakisugua kati ya vidole. Lilikuwa kapi la mtama.

Akaniita kwa jina langu, na hakuwa na desturi hiyo. "Mtama wetu haujafika hata magotini," alisema polepole. "Kapi hili umelitoa shamba gani?"

Nikaanza kulia. Hakunipiga wala hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Akanishika bega, tukaenda. Viwavi walikuwa wamenenepa, wamekuwa weusi, wengi hata ardhi ilionekana inatembea, na ukitulia ulisikia majani yakitafunwa. Upande wote wa bondeni vilibaki vijiti. Bibi akaniambia nimweleze ninachokiona, nami nikaficha uso mikononi. Basi akainama, akaweka kiganja chini, wakampanda mkono.

Tuliwaita majirani tukachimba mtaro, tukawafukia waliotumbukia. Kilichopona ni kipande cha karibu na zizi tu. Mwanangu, mimi sikugawiwa. Nilikuwa na nguvu za kushika jembe, kwa hiyo akapelekwa Tabu. Alirudi baada ya mavuno mawili, akaniamkia kama mgeni. Na msimu uliofuata bibi hakunituma tena shambani. Alikwenda mwenyewe, akipapasa mche kwa mche, nami nikimfuata nyuma kwa aibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi mna mitego ya kunasa nondo, vipepeo wa usiku wanaozaa viwavi, mna simu, na mimi nafurahi. Lakini mtego utakwambia nondo wamefika tu. Hautakwambia wametaga mche upi. Ingia mwenyewe, tangu mche uchipue, usisubiri uone majani yametoboka. Fungua moyo wa mche, fukua chini yake, nenda mpaka bondeni ambako miguu inakataa. Ukiwakuta viwavi wangali wadogo, mwambie bwana shamba siku hiyohiyo, na jirani yako pia, kwa sababu hawajui mpaka. Kuogopa si aibu. Kila mkulima wa huku anaogopa. Ila hofu ikikufunga mdomo, atakayelipa si wewe.

Mungu akupe mvua inayotosha, akulindie watoto wako wote wakae chini ya paa moja mpaka mavuno. Jumamosi pitia shambani kwanza, ndipo uje kwangu. Macho yangu nayo sasa yana ukungu. Usinionyeshe picha, lete magoti nipapase.