Miraa ya Kidonge

Leo nimemdanganya nesi, mjomba wangu akitetemeka kando yangu. Nitukaneni mapema, nimalize kuandika.

Mjomba Kirimi ni mtu wa Meru. Hapa Woodbridge, ughaibuni, kila siku ni kulilia miraa ya kutafuna.

Asubuhi tumesimama kituo cha mafuta, akaona vidonge kwa kaunta. Muuzaji akamwambia ni kama khat, imesagwa tu.

Khat, yaani miraa kwa Kizungu! Mjomba akalipa hata kabla sijazima gari.

Kufika saa nne alikuwa anapanga viatu vyote vya nyumba, anavipangua, anapanga tena. Jasho linamtiririka. Moyo unadunda mpaka shati linaruka.

Nikamkimbiza emajensi.

Nesi akauliza amemeza nini. Mjomba akanikazia macho. "Sema ni chai."

Na mimi, mkalimani wa familia, nikasema chai. Eti chai!

Nesi akaweka kalamu chini. "Nikimpa dawa isiyofaa kwa sababu yako, moyo wake unaweza kusimama."

Nikatoa pakiti mfukoni haraka sana.

Ilikuwa ya vidonge vinne. Mjomba akaapa amemeza kimoja tu, na kweli, hakudanganya.

Vilibaki viwili.

Nesi akaangalia goti langu, ambalo halijatulia tangu tuingie. "Na wewe umemeza saa ngapi?"

Sasa naandika nikiwa kitandani, waya kifuani, mashine inapiga kelele kuliko mimi.

Mamangu amepiga simu kutoka Maua, kwetu Meru. Namsikia mjomba nyuma ya pazia akimtuliza: "Usijali, dada. Amezidisha chai."