Nilimfungia Mzee Barnaba Ndani ya Riwaya

Makosa ni yangu, msinitafutie visingizio. Mdomo huu ungekuwa trekta, ungelima Uasin Gishu nzima kabla ya chai ya saa nne. Mwaka jana ulimlima mtu asiye na hatia.

Mimi nina posho mill, mashine ya kusaga unga, nje kidogo ya Eldoret. Shule niliimalizia ukubwani, darasa la jioni, lile watu huita ngumbaru. Nilipofaulu nilitembea siku tatu bila miguu kugusa chini! Mwalimu akanizawadia riwaya ya Kiingereza, ya kutisha, ya zamani sana. Ndani yake kuna mtawa anayesifiwa na mji mzima, kumbe amejiuza kwa Ibilisi, na amemfungia msichana chini ya kanisa. Mwalimu alisema ilipotoka wachungaji waliilaani na wazazi wakaificha, na kila aliyeilaani alikuwa ameisoma mpaka mwisho.

Basi nikaanza kuwasimulia wateja kisa hicho kwa foleni ya Jumamosi, bila kutaja kitabu. Weh! Watu walikuja kusaga mahindi ambayo hawakuwa nayo.

Kilichoniponza ni neno moja. Kanisa letu halina watawa. Nikisema "mtawa" walinikodolea macho tu. Nikasema "mzee wa kanisa." Chumba cha chini nikakiita stoo. Na ili wasisinzie nikaongeza, "Haya mambo hayako mbali, jameni!"

Mama Cheruto, ambaye hukosi kumwona mbele ya foleni, akashika kiuno. "Mzee wa kanisa mwenye ufunguo ya stoo? Si huyo ni Barnaba?"

Watu wakacheka. Mimi nikawashinda wote kwa kucheka. Ningesema hapo hapo, "Hapana Mama, ni kitabu." Sikusema. Foleni ilikuwa tamu!

Mzee Barnaba, mjane mpole, ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa stoo yetu ya kanisa, mnamowekwa ngoma za kwaya. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto kuimba.

Maneno ya foleni yakafika kila nyumba, kwamba Barnaba amemfungia msichana stoo. Haukuisha mwezi, watoto wa kwaya wakabaki wawili, kisha hakuna hata mmoja. Kamati ikamwambia arudishe ufunguo, "apumzike kidogo." Walipouliza kanisani habari hizi zimetoka wapi, nilikuwa benchi la tatu. Nikaangalia viatu vyangu. Niliogopa wakijua ninasoma kitabu cha Ibilisi, wataniita mwabudu shetani, na nani ataniletea mahindi tena?

Mwishowe nikashindwa kulala. Nikazima mashine, nikakiinua kitabu mbele ya foleni. "Ni hii! Yote ilitoka kwa hii!"

"Wacha kumtetea," Mama Cheruto akanijibu. "Mimi mwenyewe nimesikia msichana akilia huko stoo."

Jameni, msichana huyo ni wa Ulaya, ni wa karatasi! Lakini sasa mmoja anajua jina lake, mwingine anajua rangi ya sweta yake. Mwalimu aliniambia mwandishi wa kitabu kile alibanwa mpaka akafuta kurasa kadhaa. Bahati yake. Mimi niliyesema kwa mdomo, nifute ukurasa gani?

Hata mimi humsikia msichana huyo, mashine ikinyamaza. Mchana kweupe! Najua hayuko, nilimtoa kitabuni kwa mdomo wangu, na bado nageuka kutazama.

Nikaenda kwa Mzee Barnaba, nikapiga magoti kwenye matope, nikamweleza kila kitu. Hakunitukana. Alikuwa akifunga mizigo ahamie kwa binti yake, kule kijiji cha Sugoi.

"Kijana," akaniuliza, "huyo mzee wa kitabu anaishia wapi?"

Kitabuni Ibilisi anakuja kumchukua, na mji unashangilia.

"Watu wanamwomba msamaha, Mzee," nikasema. "Anarudi nyumbani."

"Hiyo umeitunga sasa hivi. Hujui kudanganya pole pole," akasema, akaendelea kukunja blanketi.

Juzi mteja mmoja kutoka Sugoi aliniuliza kama nimesikia habari za mzee mgeni huko kwao, na msichana aliyefungiwa. Nikamwambia ni kitabu, ni kitabu, ni kitabu. Akacheka, akabeba unga wake, akaenda.

Ndugu msomaji, ukisimulia ya kitabuni, sema ni ya kitabuni kabla ya neno la kwanza. Na siku mtu atakapotaja jina la jirani na wengine wakacheka, wewe usicheke. Kanusha hapo hapo. Ukingoja wamalize kucheka, umechelewa.