Kanisa la Watu Wawili

Wananchi wa Kibondo mjini, na ninyi wa Kumsenga, na ninyi wa Mabamba mnaoshika redio ya Burundi vizuri kuliko ya kwetu, mnatangaziwa kwamba mwalimu Brighton, mtoto wa nesi Maximilla, amepotelewa na imani. Ni imani ya Kimormoni, ya ukubwa wa wastani, imetumika miaka kumi na mitano na haijawahi kupelekwa kwa fundi. Inasadikiwa kudondoka mwaka huu wa 2014, mahali fulani kati ya Kitanga na Kibondo. Atakayeiokota asijaribu kuivaa. Airudishe kwa mama mtu, nyumba za watumishi, mlango wa pili. Zawadi ipo, ila si chai wala kahawa.

Tangazo limekwisha. Sasa tuje kwenye msiba wenyewe.

Kupoteza imani si kazi kubwa kama una kanisa kubwa. Mkatoliki akiishiwa anahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na anaweza kukaa hapo mpaka uzeeni, kisha akazikwa kwa misa na kwaya juu. Kanisa la Brighton halikuwa na benchi la nyuma. Lilikuwa na viti viwili vya plastiki, stuli moja yenye kitambaa cheupe, na waumini wawili: mama na yeye. Mmoja akiteleza, nusu ya kanisa imeasi.

Umormoni Maximilla aliupatia Dar es Salaam, alipokuwa akisomea unesi na mumewe ameshakwenda Geita kutafuta dhahabu. Mpaka leo hajaonekana mume wala dhahabu. Brighton akabatizwa akiwa na miaka minane. Mwaka 2012 serikali ikamhamishia mama Kibondo, naye akaja na godoro, mwana na kanisa. Majirani walipoona watu hawa hawanywi chai, kahawa wala pombe, wakasema, hawa Wasabato. Walipowaona Jumamosi wanafua na Jumapili wanaimba, wakachanganyikiwa. Mwisho wakawapa jina ambalo halijabanduka: Wasabato wa Jumapili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Maximilla hakuliweza. Kuzalisha mapacha kwa mwanga wa tochi aliweza. Kumtuliza mlevi aliyepasuka kichwa mpaka akaomba radhi, aliweza. Lakini katika dini yao mkate na maji ya sakramenti hubarikiwa na mwanamume mwenye ukuhani, na ukuhani pale nyumbani alikuwa nao Brighton peke yake. Ndiyo maana kila Jumamosi mwalimu alifunga safari kutoka Kitanga alikopangiwa shule, pikipiki mpaka Kasulu, basi mpaka Kibondo, akafika amepakwa vumbi jekundu kama tofali. Mkate ukikosekana dukani walitumia chapati. Siku moja walibariki muhogo wa kuchemsha. Maji waliyatia kwenye vile vikombe vidogo vya kupimia watoto dawa ya kikohozi.

Na ile sala lazima isemwe neno kwa neno. Ukikosea, unaanza upya. Zamani Brighton alikuwa akikosea. Alifika katikati, akafikiria anachokisema, akaruka neno. Mama, macho kayafumba, aliinua kidole kimoja, na mtoto akarudi mwanzo.

Sasa kumbe imani ilipodondoka, na kigugumizi kikaenda nayo. Brighton akawa anaitiririsha sala kama mtangazaji wa mpira, hajikwai wala hapumui. Kidole cha mama kikakosa kazi.

"Mwanangu," mama akamwambia Jumapili moja, machozi yanamlengalenga, "imani yako imekomaa. Sala inatoka kama maji."

Hii ndiyo nafasi ya kusema, Brighton akajiambia. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asante, Mama."

Wiki hiyo hiyo mama akapiga simu Mwanza, kwa Rais wa tawi lao, mzee mmoja aitwaye Raymond, akamwomba aje amhoji kijana ili apelekwe misheni miaka miwili. Akanunua shati jeupe na tai nyeusi. Kisha, kwa furaha isiyo na breki, akamwambia jirani yake Mwamvua, "Jumapili ijayo Rais anakuja kwangu." Mwamvua, mwenyeji wa Ujiji, Mwislamu, muuza maandazi na msambazaji wa habari, hakuuliza rais gani. Kufikia Ijumaa mtaa ulikuwa umefagiliwa na mtendaji amepita kuulizia itifaki.

Kule Kitanga Brighton hakulala vizuri wiki nzima. Darasani aliandika tarehe ya kesho ubaoni. Hofu yake haikuwa Mungu. Huyo walishaachana bila ugomvi. Hofu yake ilikuwa mama. Akisema kweli, mama atakula nini Jumapili? Kanisa lao la karibu zaidi ni safari ya siku nzima. Asiposema, atapewa begi na tai akawahubirie watu wa nchi nyingine kitu asichokuwa nacho, kama machinga aliyebeba boksi tupu.

Jumamosi alipofika alimkuta Mwamvua mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwalimu. Mbona umekonda hivyo? Umekuwa kama bibi harusi anayeolewa kesho."

"Vumbi tu."

"Vumbi halikondeshi mtu. Chukua andazi."

Alilichukua. Akalitia mfukoni.

Jumapili Rais alifika. Mtaa ulisubiri msafara, akashuka mzee mfupi kwenye bodaboda, suti imejaa vumbi, mfuko wa rambo mkononi. Mtendaji akaangalia nyuma ya pikipiki kama kuna gari linakuja. Hakukuwa na gari.

"Mwakeye!" mzee akasalimia, kwa Kiha alichojifunza kwenye basi, akapata kicheko chake cha kwanza.

Ndani, Brighton akasogea kwenye stuli kama kawaida yake. Mahali pale alipapenda. Anayebariki haangaliwi, wenzake wamefumba macho.

"Leo pumzika, Ndugu Brighton," Rais Raymond akasema. "Umelihudumia kanisa hili peke yako. Leo nabariki mimi. Wewe kaa na mama yako, upokee. Mahojiano yatafuata."

Basi akakaa kwenye stuli ya jikoni, goti lake limegusana na goti la mama.

Mzee akapiga magoti. Akaanza sala, akafika katikati, akakwama. Kidole cha Maximilla kikainuka chenyewe, kwa mazoea, kikashuka haraka kwa aibu. Mzee akarudi mwanzo. Akakwama tena palepale, sauti ikatetemeka, akameza mate. Mtu mzima, ameisema sala ile miaka mingi, na bado yale maneno yalikuwa mazito mdomoni mwake kama mawe. Mara ya tatu akamaliza, shingo imelowa.

Brighton alikuwa amefumbua macho. Aliyaona yote. Na hapo, jamani, ndipo alipobanwa, kwa maana alimjua yule mzee: alikuwa yeye mwenyewe, wa zamani.

Sahani ikaja. Mama akachukua kipande, akala. Akampa mwanawe sahani.

Alijiambia, kula, Brighton. Kipande cha mkate tu. Umeshakula vingapi? Muhogo uliula. Vidole vikanyooka, vikafika juu ya mkate, vikasimama. Nje Mwamvua alikuwa akimfukuza kuku. Mama, macho kayafumba, alikuwa akisubiri kusikia kutafuna. Katika kanisa la watu wawili hata kutafuna kunasikika.

Akampa Rais sahani vilevile ilivyokuja.

Maximilla akafumbua macho. Akaitazama sahani, akamtazama mwanawe, akaitazama tena sahani. Hakuinua kidole. Maji yalipozungushwa, alishika kikombe chake cha dawa kwa mikono miwili, akakinywa polepole. Cha Brighton kikarudi kimejaa.

Mahojiano hayakufanyika. Rais alikula ugali wa muhogo na mgebuka, akasifu samaki, akamshika Brighton bega. Mlangoni Maximilla akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, Rais? Nani atanibarikia?"

"Nitakuja ninapoweza, Dada," akajibu. "Si kila Jumapili. Nisikudanganye."

Bodaboda ikaondoka naye. Mwamvua, aliyeona mgeni ametoka bila shangwe, akaingia na sahani ya maandazi ili asionekane amekuja mikono mitupu. Akamkuta mama na mwana wanatazama stuli.

"Wiki ijayo utakuja?" Maximilla akauliza.

"Nitakuja."

"Kufanya nini?"

"Kuimba. Peke yako unapotea sauti."

Mama akakiondoa kile kitambaa cheupe kwenye stuli, akakikunja.

"Mkate nitanunua," akasema. "Usiobarikiwa nao unaliwa." Halafu akageuka mzimamzima, na yale aliyokuwa ameyazuia yakatoka. "Lakini niambie nani, Brighton! Nani alikuharibu? Ni kahawa ya Kasulu? Ni binti? Ni vitabu? Wale walimu wenzako wanaobishana? Nilifunga kula kila mwezi nikikuombea, lazima niambiwe ni kitu gani kilichokuja kikubwa namna hiyo kikakuchukua!"

Mwamvua akakaa chini, andazi mkononi. Habari kama hii haipokelewi kwa kusimama.

Brighton alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Hakuna, Mama. Nilikuwa nafua soksi, nikaona imani haipo."