Mtumbwi Ulimwacha Mtu Majini

Mwaka ule wa mvua zisizokatika nilikuwa nafundisha shule moja ya sekondari nje kidogo ya Garsen. Mimi mtu wa Kipini. Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa mwalimu wa hesabu, Mpokomo wa Kulesa, mwanamke wa kucheka kwa sauti. Mgeni aliyewahi kujitolea kufundisha alituachia kompyuta, na ndani yake programu ya kuwafunza wanaoanza kutengeneza michezo. Huandiki kitu. Amri ni vipande vya rangi, "sogea", "ngoja", "geuka". Unavipachika kimoja chini ya kingine, na picha kwenye kioo inatii.

Tulitaka wanafunzi waone mchezo wa kwao. Tukachora mto, mtumbwi, na mtu mwenye upondo wa kuusukumia. Mtu tulimchora peke yake ili aweze kushuka ng'ambo. Tukawasha. Mtumbwi ukaondoka, mtu akabaki amesimama juu ya maji.

"Huyu kalala," mwenzangu akasema, akacheka.

Tukampunguzia "ngoja". Sasa akautangulia mtumbwi. Tukawaanzisha pamoja, lakini katikati ya mto wakaachana tena, maana hatua za mtumbwi zilikuwa ndefu kuliko zake.

Mama wa mwenzangu alikuwa amekuja kutoka Kulesa kutuletea ndizi. Alikaa nyuma yetu, akitazama.

"Mbona mnamwacha majini?" akauliza.

"Picha tu, mama."

"Naona ni picha. Mtoeni."

Mwenzangu akaizima kompyuta. Ndipo mama akatuambia maji yameingia shamba la chini. "Yamekuja bila kelele. Na Waorma wamehamisha ng'ombe wote, hata wale waliofika juzi."

"Basi lala hapa kwangu," bintiye akamwambia.

"Kuku wangu nimwachie nani?" Akajifunga leso, akaondoka jua likiwa bado juu.

Siku zilizofuata mto wa kweli, uliopita karibu na mji, ulibadilika harufu. Ulinuka udongo mbichi na majani yaliyooza. Watu waliotoka Nanighi walisema huko juu hauna kingo tena. Msomali mwenye duka mbele ya shule alikuwa akipandisha magunia ya sukari juu ya meza, na ukimuuliza kwa nini, anakupimia tu ulichotaka. Madarasa yalipungua watoto. Sisi tukarudi kwenye kompyuta, nadhani kwa sababu tukiwa pale hatukulazimika kutazama nje.

Mwenzangu ndiye aliyepata dawa ya mchezo ule. Alimwondolea yule mtu hatua zake zote. Akaupa mtumbwi kipande cha kutuma ishara: kila unaposogea, unaita. Mtu akisikia mwito, anakwenda pale pale ulipo mtumbwi. Tukawasha. Wakavuka pamoja mpaka ng'ambo, hawakuachana hata kidogo.

Nikapiga makofi. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Uwanja unang'aa," akasema.

Hapakuwa na jua. Maji yalikuwa yamefika kwenye milingoti ya goli, membamba, yanatambaa kuelekea kwetu.

"Naenda kumchukua mama."

"Utapita wapi? Barabara imekatika."

"Mjomba ana mtumbwi."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Alivua viatu, akatembea majini bila kugeuka.

Sisi tulihamia kwenye kilima kidogo nyuma ya soko, walimu, wanafunzi na nusu ya mji. Kutoka pale nilikuwa nautazama mto kutwa. Yakapita mabua ya mahindi, mbuzi waliovimba, paa zima la makuti na kuku hai juu yake. Kila mtumbwi uliotokea nilisimama. Kila mara walikuwa watu wa kwingine, na nikiwauliza habari za Kulesa, wananijibu kwamba hawakupita huko.

Mwenzangu alipokuja sikumtambua. Alikuwa amekonda, sauti imemkauka. Mama yake alikuwa amejikunyata miguuni pake mtumbwini, mzima. Walimkuta juu ya kichuguu pamoja na majirani, na nyoka wametapakaa katikati yao. Hakuna aliyewagusa, nao hawakumgusa mtu. Nyumba ilikuwa imekwenda, migomba na mpunga pia. Mjomba alirudi kuwafuata waliobaki, akawaleta wote isipokuwa mzee mmoja aliyekataa kupanda.

Maji yalipoanza kushuka, watu wakaanza kusema yamekwisha. Lakini mbu walikuwa wengi mno hata mchana, na wafugaji waliopita walisema ng'ombe wao wanatupa mimba, mmoja baada ya mwingine, na kondoo wanakufa wakitoka damu puani. Wenyewe walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kwamba ni ugonjwa unaofuata mafuriko, na huwapata hata watu.

"Mama, tuko salama sasa," nikamwambia yule mama, nikimtandikia mkeka.

"Haya, mwanangu," akanijibu. Akalala na viatu miguuni, mkono umeshika fundo la mzigo wake.