Jalada la Upande wa Pili

Mwaka wangu wa mwisho chuoni hapa Juba, mhadhiri wetu alituambia tutengeneze jarida. Tungefanya kazi wawili wawili, mada tungechagua wenyewe, na jarida hilo lingekuwa mradi wa kumalizia masomo. Asiye na jarida asingehitimu. Niliinua mkono nikauliza kwa nini karatasi, wakati kila mtu niliyemjua alisoma kwenye simu. Mhadhiri, Mganda mwenye subira kubwa kuliko nilivyostahili, aliitazama feni ya darini iliyokuwa imesimama tangu asubuhi, akaitazama simu yangu niliyokuwa nimeizima ili nihifadhi chaji, akasema, "Karatasi haizimiki." Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, ila sikuacha kuuliza mpaka kipindi kikaisha.

Nimekuwa hivyo tangu zamani. Nilikulia Kitale, nikarudi Juba nikiwa mtu mzima, kama neno kurudi linaweza kutumika kwa mahali ambapo hukuwahi kuishi. Nilikuja na Kiswahili cha Kitale na Kiingereza cha shule, Kiarabu cha Juba nikakiokota sokoni. Kila nilipoambiwa kwamba hapa mambo hufanywa hivi, nilitaka kujua nani aliamua. Ndugu zangu walichoka nami mapema. Mhadhiri hakuchoka, na nadhani ndiyo sababu bado naikumbuka sauti yake.

Mwenzangu katika mradi alikuwa binti aliyekulia Khartoum. Hatukuchaguana, majina yetu yalifuatana tu kwenye orodha ya darasa. Yeye aliniita Mkenya, mimi nikamwita Khartoum, na kwa muda mrefu hilo ndilo lililokuwa jambo pekee la haki kati yetu. Alinicheka kwa chai yangu ya maziwa. Mimi nilimcheka kwa sukari aliyojaza kwenye glasi ndogo ya chai ya rangi mpaka kijiko kikasimama. Tulikubaliana juu ya mada moja, muziki wa Juba, tukadhani kazi ngumu imekwisha.

Kumbe tulikuwa na muziki wa aina mbili vichwani. Mimi nilimtaka kijana mmoja wa rap aliyekuwa akipigwa kila mahali, kwenye vioski, kwenye saluni, kwenye spika za harusi. Yeye alimtaka mama yake mkubwa. Huyo mama alikuwa kiongozi wa kwaya, na wakati wa vita, walipokuwa wakiishi kwenye kambi za waliohamishwa pembeni mwa Khartoum, alitunga nyimbo ambazo leo zinaimbwa kwenye makanisa mengi ya Juba na watu wasiojua zilitoka kwa nani. Nilimwuliza mwenzangu ana uthibitisho gani. Jumapili iliyofuata akanichukua kanisani, kwaya ikaanza, akaninong'oneza kila wimbo: huu wake, huu si wake, huu wake lakini wameuharibu.

Kwa hiyo tuliamua kuwaweka wote wawili. Rapa alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Mama mkubwa hakukubali. Miaka ya nyuma kanisa fulani lilikuwa limechapisha kijitabu cha nyimbo, na zake zikatupwa kurasa za mwisho kabisa chini ya neno "nyinginezo," bila jina lake. Alituruhusu kumpiga picha na kumhoji, lakini nyimbo zenyewe hakuzitoa. Kwanza, alisema, tumletee hilo jarida likiwa limepangwa aone amewekwa wapi, ndipo ataamua. Bila maneno ya nyimbo zake, nusu ya jarida letu ilikuwa kurasa tupu, na tarehe ya kuwasilisha haikuwa mbali.

Picha tulizipiga ndani ya ua wake. Mama huyo alikaa upande wa Bilpam, karibu na makao makuu ya jeshi, na huko hata ukitoa kamera kupiga picha ya kuku utaulizwa unamtumia nani. Niliificha kamera kwenye mfuko wa nyanya mpaka tulipoingia na lango likafungwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wa mabati, akafunga kitambaa chekundu kichwani, akatazama kamera kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Hata hivyo nilikataa kuiweka kwenye jalada. Tulibishana wiki nzima katika chumba cha kompyuta, mpaka mwenye jenereta akawa anatujua kwa sauti. Hoja zangu zilikuwa nyingi, na nilizipenda zote. Nilisema mnunuzi ni kijana, na kijana huchukua sura anayoijua. Mbele kunahitaji rangi na mnyororo shingoni, na mtu anayecheka. Mwishowe nikatoa nilichokiita suluhisho: rapa awe mbele, mama awe kwenye jalada la nyuma, ukurasa mzima, bila mtu mwingine. Chini ya picha yake tungeacha ukanda mwembamba wa tangazo la duka la uchapishaji la Hai Amarat, lililotupunguzia bei. Nyuma nako ni jalada, nilimwambia. Mwenzangu aliitazama skrini. Halafu akasema, "Utamwambia wewe mwenyewe."

Tulichapisha nakala ya majaribio, tukaipiga pini zilizokaa kombo, tukapanda boda kuelekea Bilpam. Njiani mwenzangu hakunichokoza hata mara moja, nami nikajua mambo ni mabaya.

Mama mkubwa alikuwa anapepeta mtama. Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kiti kilekile cha picha, akanyoosha mkono. Nilimpa jarida, rapa akiwa juu. Alilipokea, akaligeuza papo hapo kama mtu aliyepewa sahani ikiwa imefunikwa chini juu, na sura yake mwenyewe ikamtazama. Aliisogeza karibu na macho. Kisha akalalamika kwamba kitambaa kilikuwa kimepinda na hakuna aliyemwambia. Kisha akafungua, kutoka upande ule, ukurasa mmoja baada ya mwingine, akaanza na hadithi yake mwenyewe niliyokuwa nimeipanga mwishoni, akirudi polepole kuelekea mwanzo wangu.

Alipofika katikati alilifunga, akalilaza mapajani. Alimwambia mpwa wake, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba safari hii ametangulizwa. Kijitabu cha kanisa kilimtupa mkiani, lakini watoto hawa wamemweka mlangoni. Tuchukue nyimbo zote tunazotaka.

Mwenzangu alinikazia macho. Nilielewa vizuri macho yale yalisema nini: kunywa chai yako, shukuru, twende zetu. Na ndivyo mtu mwenye akili angefanya. Tulikuwa tumepata tulichokijia. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na uso ule, nikiuona ulivyolegea kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikajua kwamba siku moja mtu mwingine atamwonyesha mbele ni wapi, naye atakumbuka kijitabu cha kanisa na kuliweka jarida letu juu yake kama tusi la pili.

Nikasema, "Mama, huo ni upande wa nyuma. Mbele ni huku." Nikaligeuza jarida mapajani mwake. Rapa na mnyororo wake wakacheka naye. Mwenzangu alifunika uso kwa kiganja.

Mama mkubwa hakukasirika. Alimtazama rapa, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeokota kiatu akitaka kujua mwenyewe, "Wara ta munu?"

Nyuma ya nani.

Nilianza kueleza. Nilisema jarida hufunguliwa kutoka kushoto. Akauliza na nani. Nikasema na watu wote. Hapo akamgeukia mpwa wake, na mpwa wake akaanza kucheka nyuma ya kiganja, taratibu, mpaka mabega yakatikisika.

"Hata mimi," akaniambia. "Kila nakala uliyonipa nilianzia nyuma, Mkenya. Hukuona?"

Niliona. Wiki zote zile nilimwona akifungua nakala zangu kutoka mwisho, nikadhani zinamchosha na anatafuta picha. Wote wawili walisoma shule za Khartoum, kwa Kiarabu, ambako kitabu huanzia upande ambao kwangu ni mwisho. Nusu ya mji huu walisoma hivyo. Nilikuwa nimeuliza kwa nini karatasi, kwa nini saizi hii, kwa nini herufi hizi na si zile, kwa nini mtu anunue jarida kabisa, na sikuwahi kujiuliza linafunguliwa kutoka wapi.

Mama alinirudishia jarida, akagonga kidole kwenye picha yake. Nyimbo ni zetu, alisema, neno lake halirudi. "Lakini mimi sihami hapo, jena tai. Niwekee mlango." Kisha kidole kikashuka mpaka kwenye ukanda wa tangazo la duka, akauliza hawa nao ni nani na wanafanya nini barazani kwake.

Jena tai ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla, na sikutegemea aniite hivyo siku ile.

Tulilivunja jarida lote, na huo ndio wakati wa masomo yangu ninaoushukuru kuliko mwingine. Tulipanga nusu moja ianzie kushoto, kwa herufi za Kilatini, rapa akiwa mlangoni. Nusu nyingine ikaanzia kulia, kwa herufi za Kiarabu, mlangoni akiwa mama mkubwa, na kichwa cha jarida juu yake, kikubwa sawa na kile cha upande wa pili. Kompyuta ilikataa herufi za Kiarabu. Ilizitenganisha na kuzipanga kinyumenyume, kila moja peke yake kama watu wasiosalimiana. Mwenzangu alichoka nayo, akaandika vichwa vyote kwa mkono, kwa wino mweusi, tukavipiga picha na kuviingiza. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulivyokuwa mzuri. Nilikuwa nimekaa naye karibu mwaka mzima, nikihariri Kiingereza chake.

Safari hii sikubishana juu ya kila kitu. Nilibishana juu ya nambari za kurasa tu, maana zilianza moja pande zote mbili na sikuona zitamalizikia wapi. Yeye akasema zikutane kwenye pini. Kwenye pini, katikati, kulikuwa na kurasa mbili zinazotazamana, na hatukujua tuweke nini mpaka rapa mwenyewe alipopita kuona kazi. Alipoona nyimbo za mama alisimama, akaimba mstari mmoja taratibu, akatwambia huo aliufunzwa kwenye kwaya ya watoto, na kwamba sauti ya kiitikio cha wimbo wake mmoja maarufu aliitoa humo. Hakujua ni wa nani. Tukauweka wimbo huo katikati, maneno yaleyale, kwa Kilatini ukurasa wa kushoto na kwa Kiarabu ukurasa wa kulia.

Duka la Hai Amarat tulilihamishia ndani. Mwenye duka, Mkenya wa kuitwa tu kama mimi, alinung'unika kidogo, kisha akalichapisha jalada la pili kwa rangi bila kuongeza bei, kwa kuwa, alisema, alitaka kuona litafungwaje.

Siku ya kutetea mradi walikaa watahini wawili: mhadhiri wetu Mganda, na mzee mmoja wa kitivo kingine aliyesoma zamani Khartoum. Kila mmoja alipewa nakala. Baada ya muda mhadhiri alisema ukurasa wa tatu una picha iliyokatwa vibaya. Yule mzee akafungua ukurasa wake wa tatu, akasema hapana picha yoyote hapo, kuna shairi la wimbo, tena limepangwa vizuri. Mhadhiri akasisitiza. Mzee akainua nakala yake kumwonyesha. Walikaa hivyo, kila mmoja akiwa ameshika jarida lilelile na kulitazama la mwenzake kama limechapishwa vibaya, sisi tumesimama mbele yao tukiogopa kucheka. Halafu mzee aliligeuza la kwake, akamwona rapa, akaligeuza tena. Akasoma mpaka katikati bila kutuuliza swali.

Tulipita. Hatukupata alama za juu kabisa. Mhadhiri alisema herufi za katikati ni ndogo mno, na picha ya ukurasa wa tatu kweli ilikatwa vibaya. Ilikatwa vibaya. Nilipotaka kumuuliza vibaya kwa kipimo gani, alinyanyua kidole, akasema, "Hili nalo nenda ukajiulize kwanza wewe." Nikaenda nikimshukuru moyoni, na bado namshukuru.

Jioni ile tulipeleka nakala upande wa Bilpam. Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili. Kichwa cha jarida kilikuwa juu ya kitambaa chake chekundu, na barazani hapakuwa na mtu. Alisoma jina lake kwa sauti, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Akafungua, akapita kurasa zake zote, akavuka katikati, akatokea upande wa pili na kukutana na rapa. Akaguna.

"Na huyu mtoto mmemweka nyuma," alisema. "Mama yake hatakasirika?"

Mwenzangu alinitazama. Nikaweka glasi ya chai chini.

"Nyuma ya nani, mama?"

Alinipiga begani kwa jarida. Kisha akalilaza upesi mapajani na kulinyoosha kwa kiganja, asije akawa amejikunja uso wake wa jaladani.